Kutoka Ngomeni hadi Treasury Square: shajara ya modeli yetu

Februari, mwanzo wa kazi

Mradi ni huu: kutengeneza modeli ya mbao na kadibodi ya kile kipande cha kisiwa cha Mombasa kinachoanzia Ngome ya Yesu na kuishia uwanja wa Treasury Square. Kwa miguu ni mwendo wa dakika chache tu, lakini kwa zaidi ya miaka 400 kila aliyetaka kuishika Mombasa alikuja kukaa hapo au karibu na hapo. Wareno, Waomani, Wamazrui, Mabusaidi, Waingereza, kisha manispaa, na sasa kaunti. Ngome, mahakama, hazina na ukumbi wa mji, vyote viko ndani ya eneo moja.

Modeli itawekwa katika maktaba ya shule ya mtaani kwetu. Watoto wa shule hiyo hupita mbele ya majengo haya kila siku. Ukiwauliza nani aliyeyajenga, jibu ni moja: Mzungu. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuanza. Amri ilikuwa ya Mzungu, kweli, na ramani mara nyingi ilikuwa yake. Lakini jiwe ni la kisiwa hiki, chokaa ilichomwa pwani hii, boriti zilikatwa mikokoni, na mikono iliyopanga mawe ilikuwa ya waashi Waswahili na Wahindi. Ninataka mtoto akiisogelea modeli aone ukuta ulivyoundwa kwa ndani.

Tulio kazini ni mimi, ninayefundisha uchoraji wa ramani za majengo. Ami, mwashi mstaafu aliyepiga lipu nusu ya nyumba za Ndia Kuu. Seremala mmoja wa Kibokoni. Na wanafunzi wawili wa chuo wanaosomea usanifu majengo.

Februari, suala la kipimo

Tulitaka 1:100 kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: mita moja inakuwa sentimita moja. Kabla ya kukata ubao wowote tukapiga hesabu ya Ngome peke yake. Eneo lililoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011 ni hekta 2.36. Kwa 1:100, hekta moja hugeuka mita mraba moja, kwa hiyo Ngome ingekula mita mraba 2.36 kabla hatujaweka barabara wala jengo jingine. Maktaba haina meza ya namna hiyo.

Tumeamua 1:200. Ngome sasa inaingia katika mita mraba 0.59, na eneo lote linakaa juu ya vipande viwili vya plaiwudi vilivyounganishwa. Kwa kuwa kipimo hicho hakionyeshi maungo ya ukuta, tutatengeneza pembeni kipande cha ukuta na dari kwa 1:20. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo.

Seremala amepata njia nzuri. Vijiti vya mishikaki vina unene wa milimita 3 hivi. Kwa 1:20 hiyo ni sawa na sentimita 6, ambao ni unene wa pau halisi, ule mti mwembamba wa mkoko. Boriti yenyewe hukatwa ikiwa na sentimita 11.5 hadi 14 hivi, kwa hiyo kwenye modeli inahitaji kijiti cha milimita 6 au 7. Hizo atazichonga mwenyewe.

Machi, mabishano ya mwanzo wa historia

Kikao kirefu leo. Wanafunzi walitaka modeli ianzie 1593, mwaka Wareno walipoanza kujenga Ngome, kwa sababu hapo ndipo panapopatikana ramani. Ami akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mji huu ulikuwa na wenyewe. Mreno hakuja kujenga porini."

Nipo upande wake, na ushahidi uko naye. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331, akaandika juu ya misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Francisco de Almeida alipouvamia mji na kuuchoma mwaka 1505, Wareno wenyewe waliandika juu ya nyumba za mawe na chokaa, nyingine za ghorofa, na njia nyembamba kati yake. Maana yake Cairati alipokuja, ustadi wa jiwe ulikuwa umeshatangulia. Giovanni Battista Cairati alikuwa Mwitalia, msanifu mkuu wa ngome za Ureno katika Bahari ya Hindi, akikaa Goa, na baadhi ya waashi waliletwa kutoka huko. Alichoongeza ni hesabu ya vita: buruji nne, yaani ngome za pembeni zinazochomoza nje ya ukuta, zinazolindana, ili pasiwe na mguu wa ukuta ambao mzinga wa buruji nyingine haufikii. Ngome ilikuwa imesimama kufikia 1596. Malighafi ilikuwa chini ya miguu yao, kwa sababu kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe. Sehemu ya chini ya kuta imechongwa katika mwamba huohuo, na handaki limechimbwa humo humo.

Suala gumu zaidi ni hili: kabla ya Ngome, ukumbi wa mji ulikuwa wapi? Utawala wa Waswahili wa Mombasa haukuwa na jumba moja la kupiga picha. Ulikuwa kwa watu, yaani Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, na kila taifa lilikuwa na tamimu wake, yaani mkuu wake. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wagunya na Wakatwa. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ambao zamani walikuwa na mji wao upande wa Kilindini kabla ya kuhamia upande huu. Maamuzi yalifanyika barazani, msikitini, nyumbani kwa mkubwa. Huwezi kuchonga hayo kwa kadibodi.

Nilichopendekeza, na wote wakakubali, ni modeli ya matabaka. Msingi utakuwa mwamba na pwani tu, na ukingo wa ubao utaandikwa majina ya mataifa kumi na mawili kwa rangi. Juu yake linawekwa tabaka la Ngome ya 1596. Kisha tabaka la 1902. Kisha la leo. Mtoto ataondoa na kuweka kwa mkono wake. Akiondoa yote, majina yanabaki.

Machi, jua la utosini

Tumekwenda kupima urefu wa majengo kutoka kando ya barabara, bila kupanda popote. Njia ni ya kivuli: unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli chake, unapima kivuli cha jengo, unagawanya. Ikiwa fimbo imetoa sentimita 80 na jengo limetoa mita 8, jengo lina mita 10. Lakini Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri huwa juu ya utosi. Saa sita fimbo haina kivuli. Kazi ni asubuhi mpaka saa tatu hivi, au baada ya alasiri.

Jua hilohilo linaeleza sura ya majengo. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini wa paa, Desemba hupita upande wa kusini, kwa hiyo hakuna uso wa jengo unaosalimika mwaka mzima. Ndiyo sababu ya varanda pana, za kuzunguka, na madirisha ya mbao yenye papi zilizolazwa mshazari, zinazozuia jua na kupitisha upepo. Jengo zuri la zamani hapa linavuta kaskazi na kusi pande zote mbili. Ukiziba varanda kwa vioo ili upate ofisi mbili zaidi, umeshaliua, na baada ya hapo utalipia umeme wa kupoza hewa mpaka mwisho.

Aprili, Mahakama ya Kale

Tabaka la 1902 limeanza, na jengo lake kuu ni Mahakama ya Kale, iliyojengwa mwaka huo mbele ya Ngome. Leo liko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ndilo jengo ninalolipenda zaidi katika eneo hili kwa sababu bado watu wanaingia na kutoka.

Kitu kilichotushika wote ni nafasi yake. Kuanzia 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa gereza. Weka majengo hayo mawili kwenye ubao, moja mbele ya jingine, na utaelewa bila maneno: hakimu anasomea hukumu upande huu, jela iko ng'ambo. Mwanafunzi mmoja alipoviweka vipande viwili vya kadibodi mahali pake alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, huu ulikuwa mtambo mzima." Ndivyo. Serikali ya Waingereza ilipanga vyombo vyake karibukaribu: pa kuhukumu, pa kufungia, pa kuweka pesa, pa kutoa kibali.

Lakini isidhaniwe kwamba sheria yote ilikuwa yao. Pwani hii ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar kwa jina na kwa bendera, na Waingereza waliikodi. Liwali, yaani gavana wa Sultani, na kadhi waliendelea na kazi zao, na mahakama za kadhi zipo mpaka leo; katiba ya 2010 imezitaja. Maliwali kama Sir Ali bin Salim na, baada yake, Sir Mbarak Ali Hinawy walikuwa watu wazito katika mji huu. Kwa hiyo tabaka la 1902 lina bendera mbili, na tumezichora zote. Ile nyekundu ya Sultani inakaa juu ya Ngome, kwa sababu hapo ndipo ilipopepea hadi 1963.

Ndani ya Ngome tumebakisha nafasi wazi. Majengo ya jela yalibomolewa baada ya gereza kuondolewa, mwanaakiolojia James Kirkman akafanya uchimbuzi, na makumbusho yakafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tutachora ua tu na kuta.

Mei

Masika. Kadibodi imenyonya unyevu na kuvimba pembeni. Tumehamisha kila kitu chumba cha juu, na seremala amepaka vipande vyote gundi nyembamba pande zote mbili. Hakuna jingine la kuandika mwezi huu, isipokuwa kwamba Ami anafurahia mvua: ana jaribio lake uani, nitalieleza.

Juni, ukuta wa Ami

Jaribio ni hili. Uani kwa Ami kuna ukuta wa zamani wa matumbawe uliomenyeka. Kabla ya masika alipiga lipu vipande viwili vya ukubwa sawa, vikiwa bega kwa bega: kimoja kwa simiti na mchanga, kingine kwa chokaa na mchanga. Nia ilikuwa kuwaonyesha wanafunzi kwa macho kile anachokisema kila siku.

Leo tumekwenda kukagua. Kipande cha simiti kwa nje kinang'aa, hakina ufa. Ukikigonga kwa kifundo cha kidole, sehemu ya chini inalia kwa uwazi: imeshaachana na jiwe. Na juu yake, pale simiti inapoishia, jiwe limetoka ukungu mweupe wa chumvi ambao haukuwapo mwezi Machi. Kipande cha chokaa kimekwajuka, kina madoa, lakini ukikigonga kinajibu kwa uzito, na hakuna chumvi juu yake.

Sababu yake si siri. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo. Maji hupanda kutoka ardhini na kubeba chumvi. Chokaa inaruhusu maji hayo yatoke kama mvuke kupitia uso wote wa ukuta. Simiti inafunga mlango. Maji yanatafuta njia nyingine, yanapanda juu zaidi, na chumvi inapokauka ndani ya jiwe inajaa, inasukuma, inalipasua jiwe punje kwa punje. Mwenye nyumba anaona lipu yake ni nzima, kumbe nyuma yake ukuta unageuka mchanga. Nimeziona nyumba za Mji wa Kale zilizostahimili vizazi vinne kwa chokaa zikianza kubomoka ndani ya miaka michache baada ya "kurekebishwa" kwa simiti. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika mradi huu, kwa sababu wanaofanya hivyo wengi wana nia njema na wamelipa pesa zao.

Ami aliwaeleza wanafunzi namna chokaa ilivyokuwa ikitengenezwa alipokuwa kijana. Kuni zinapangwa kwa duara, safu juu ya safu, na matumbawe juu yake. Moto unatiwa katikati. Jiwe linahitaji joto la nyuzi 900 hivi ili lifukuze hewa ya kaboni iliyomo na kubaki chokaa kali, ile inayochemka ukiitia maji. Kisha inamwagiwa maji, inaiva, inalazwa shimoni ikifunikwa. Ukiilaza wiki kadhaa inafaa kwa kujengea. Ukiilaza miezi inakuwa laini kama siagi, hiyo ndiyo ya lipu ya mwisho. Ikishapakwa ukutani inaanza kuivuta tena ile hewa iliyoipoteza motoni, taratibu, mpaka inarudi kuwa jiwe.

Mmoja akamuuliza, "Ami, sasa chokaa ya hapo dukani haifai?"

"Inafaa, mwanangu, ukiiloweka na ukawa na subira. Tatizo la vijana ni kuwa wanaipaka leo, wanataka rangi kesho."

Tumekubaliana kwamba kile kipande cha ukuta cha 1:20 hakitapakwa rangi ya dukani. Kitapigwa lipu ya chokaa halisi, kutoka shimo la Ami.

Juni, ndani ya ukuta

Kipande cha 1:20 kimeanza kusimama. Ukuta wa jiwe wa pwani hii huwa na nusu mita hivi, kwa hiyo hapa ni sentimita 2.5. Tumetumia kokoto za matumbawe zilizookotwa barabarani, wala hatukuvunja tumbawe lolote hai baharini. Tukazijenga kwa chokaa na udongo mwekundu. Uso wa nje mawe yamepangwa, katikati yamejazwa vipande vidogo.

Juu yake boriti. Urefu wa boriti ya mkoko unaofaa kubeba sakafu hauzidi mita 3 sana, na kipimo hicho kimeamua upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Uswahilini kwa mamia ya miaka: virefu, vyembamba. Seremala aliweka boriti zake zilizochongwa, za sentimita 15, na chumba kikajitokeza chenyewe kwa upana uleule tunaoujua kutoka nyumba za bibi zetu. Juu ya boriti mawe bapa, juu ya mawe zege ya chokaa iliyopigwapigwa kwa vibao mpaka ikashikana.

Na hapa ndipo tofauti ya jengo la serikali inapoonekana. Mahakama, au ukumbi wa kikao, unataka chumba kipana ambamo watu wengi wanaonana. Mkoko hautoshi. Ilibidi iletwe chuma, au mbao ndefu za msaji na miti ya ng'ambo. Kwa hiyo ukuta ukabaki wa kipwani, mpako wa kipwani, waashi walewale, lakini dari ikabadilika, na chumba kikapanuka. Nimewaambia wanafunzi waandike hilo kwenye kibao cha maelezo kwa herufi kubwa kuliko jina la gavana yeyote.

Julai, Treasury Square yenyewe

Tumefika upande wa pili wa ubao. Huu ndio uwanja ambao manispaa ya Mombasa ilikuwa na anwani yake, ukumbi wa mji ukiwa hapohapo, hadi uchaguzi wa Machi 2013 ulipozileta kaunti, na Mombasa ikawa kaunti nambari 001. Ofisi za kaunti bado zinautumia uwanja. Bustani iko katikati, majengo ya benki na ya serikali yameizunguka.

Jina la Treasury, yaani hazina, lina historia nyuma yake. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake 1888, ikaishiwa nguvu, na tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua na kutangaza himaya. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulibaki wa Sultani, akilipwa pauni 11,000 kwa mwaka. Mwaka uliofuata reli ya Uganda ikaanza kutandikwa kutoka hapa Mombasa, na ikafika ziwani mwishoni mwa 1901. Kwa miaka hiyo Mombasa ndiyo ilikuwa makao makuu. Pesa, mishahara, ushuru, vyote vilipitia hapa. Nairobi ilipopewa makao makuu mwaka 1905, mji huu ulibaki na majengo ya nchi nzima mikononi mwa kisiwa kimoja. Ndiyo maana majengo haya ni makubwa kuliko cheo cha manispaa.

Bustanini kuna sanamu ya Allidina Visram. Wengi wanamjua kwa shule ya sekondari yenye jina lake. Alizaliwa Kachchi, Bara Hindi, mwaka 1851, akaja pwani hii kijana, akafungua maduka yaliyofuata reli mpaka Uganda, akafa 1916. Mwanafunzi aliuliza kama sanamu hiyo inastahili kuwekwa kwenye modeli ilhali ni ndogo mno kwa 1:200. Nikasema inastahili. Katika uwanja uliojengwa na serikali, mfanyabiashara wa Kihindi kusimamishwa katikati ni habari kubwa juu ya nani aliyeugharamia mji huu. Seremala ameichonga kutoka kichwa cha kiberiti. Inaonekana.

Kitu kingine tulichokiweka katika tabaka la 1902 ni reli za toroli. Kabla ya motokaa, wakubwa wa Mombasa walisafiri mjini juu ya viti vyenye paa vilivyosukumwa na wanaume wawili juu ya reli nyembamba ya futi mbili, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Baadhi ya wakubwa walikuwa na tawi la reli mpaka mlangoni kwao. Futi mbili kwa 1:200 ni milimita 3. Tumeichora kwa wino mweusi, na wasukumaji wawili nyuma ya kila toroli. Ami alisisitiza juu ya wasukumaji. Toroli bila wao ingekuwa uongo.

Julai, mama mmoja wa Kuze

Alikuja kutazama kazi, akainama juu ya ubao kwa muda mrefu. Akaonyesha kwa kidole mahali pa ukumbi: "Hapa baba yangu alikuja kulipa kodi ya nyumba, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hakuja na kikoi hapa." Tumemwomba arudi na jamaa zake wengine. Kumbukumbu ya namna hiyo haimo katika ramani yoyote, nasi tutaiandika kwenye daftari litakalokaa kando ya modeli.

Agosti, paa

Paa za tabaka la 1902 zimetuchukua mwezi mzima. Vigae vyekundu vya Mangalore vilisambaa bandari zote za bahari hii. Kiwanda cha kwanza cha vigae hivyo kilianzishwa na wamishonari wa Basel huko Mangalore mwaka 1865, na mpaka leo ukigeuza kigae cha zamani hapa mjini unaweza kukuta muhuri wa kiwanda mgongoni. Kila kigae kina mfereji na mdomo unaoshika jirani yake, kwa hiyo paa halihitaji udongo wala chokaa; likivuja unabadilisha kigae kimoja tu. Mabati nayo yaliingia mapema, mepesi na ya bei nafuu, lakini ni moto na hupiga kelele mvua ikinyesha.

Kwa 1:200 kigae hakichongeki. Seremala amekwaruza kadibodi nyekundu kwa uma, mistari sambamba, na kwa mbali macho yanakubali.

Septemba, habari ya Beit al-Ajaib

Wanafunzi wameniuliza kwa nini ninasukuma michoro ya vipimo ikamilike hata kabla ya modeli. Nikawaeleza ya Unguja. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lilijengwa 1883 na Sayyid Barghash, kwa ajili ya shughuli za dola na sherehe: nguzo za chuma, varanda pande zote, matumbawe na chokaa kama yetu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Lile lilikuwa jengo linalojulikana dunia nzima. Mchoro wa vipimo hauzuii paa kuanguka, lakini unakuambia ukuta ulikuwa umeinama kiasi gani mwaka uliopita, na mwaka huu umeinama kiasi gani. Ukiwa na namba mbili unaweza kugonga mlango wa ofisi na ukasikilizwa. Ukiwa na huzuni tu, unaambiwa usubiri.

Kwa hiyo kila uso wa jengo tulioupima kutoka barabarani sasa una karatasi yake: tarehe, saa, nyufa zinazoonekana, mahali maji yanapochuruzika, miti iliyoota ukutani. Mtini mdogo kwenye ufa ni adui mkubwa kuliko mvua. Nakala moja ya karatasi hizo itakaa maktabani pamoja na modeli, na nyingine tutaipeleka kwa wanaohusika na uhifadhi wa Mji wa Kale.

Oktoba, hali ya kazi

Jua limerudi utosini, vuli inakaribia. Tabaka la Ngome limekamilika, buruji zote nne zimekaa sawa. Tabaka la 1902 limebakiza miti na watu. Tabaka la leo lina majengo lakini halina magari, na bado tunabishana kama tuktuk ziwekwe. Mimi nasema ziwekwe.

Majina ya mataifa kumi na mawili yameandikwa na mwanafunzi mwenye hati nzuri, kwa herufi za Kiarabu juu na za Kirumi chini, kwa sababu wazee wa mji waliandika Kiswahili chao kwa herufi zile za kwanza. Ami ameyapitia moja moja, akasahihisha mpangilio mara mbili, akaridhika.

Kipande cha ukuta cha 1:20 kimepigwa mkono wa kwanza wa chokaa wiki iliyopita na kinanyunyiziwa maji asubuhi na jioni kisikauke haraka. Upande mmoja tumeuacha wazi, bila lipu, ili jiwe, udongo mwekundu na ncha za boriti zionekane. Mkono wa pili utapigwa wa kwanza ukishika, pengine mwisho wa mwezi. Plaiwudi ya kifuniko imeshakatwa. Kinachosubiriwa ni kioo, na gari la kubeba ubao mpaka shuleni.